Nakala ya Tatu Juu ya Meko

Haya, nyinyi wenye vikombe na nyinyi mnaongoja vikombe, sogeeni karibu, na huyo aliyesimama mlangoni aingie ama atoke, asitugawie baridi. Nataka kuwaambia vile mimi, mtu wa darasa la pili, na hilo la pili lenyewe nililisoma nikiangalia ng'ombe dirishani, nilikuwa mlinzi wa majengo yote ya Kisii na Nyamira. Msicheke. Mahoteli, makanisa, maduka, mpaka vyoo vya shule. Nilikuwa natembea nayo kwa mfuko wa koti, na koti halikuchanika.

Nilifanya kazi kwa mchoraji wa majengo pale Kisii mjini, miaka mingi sana mpaka viti vya ofisi vikaanza kunisalimia. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kuchemsha chai, kupelekea watu ramani zao, na kusema bosi hayuko wakati yuko. Watu walimwita injinia. Alikuwa anakasirika, anasema injinia ni mwingine, yeye ni msanifu wa majengo. Watu wanamsikiliza vizuri mpaka mwisho, halafu wanasema, "Sawa, injinia."

Zamani ramani zilikuwa karatasi. Tulizikunja kama mikeka, tukazisimamisha pembeni mpaka ofisi ikawa kama shamba la miwa. Ukitafuta ya kanisa unapata ya baa. Halafu kompyuta zikaingia na karatasi zikaanza kupungua. Siku hizi nyumba inazaliwa ndani ya kompyuta, inakulia humo humo, na karatasi inaiona siku moja tu, ya kuchapishwa, kama bibi harusi.

Mimi nilifurahi, kwa sababu kufagia kukawa rahisi. Bosi ndiye hakulala.

"Omogaka," yaani mzee kwa Kikisii, aliniambia siku moja akiwa ameshika kikombe bila kunywa, "karatasi ikizeeka inageuka manjano. Inakuaga. Hii kitu ya kompyuta haiagi mtu. Leo iko, kesho hakuna hata kaburi."

Basi akaweka sheria. Kila ramani iwe na nakala tatu. Moja ndani ya kompyuta kubwa ya ofisi. Ya pili ndani ya diski, kile kisanduku cheusi kama kipande cha mkate ulioungua, ikae kwa kabati la chuma. Ya tatu ikae kwa diski kama hiyo, lakini mbali, ili balaa ikija mjini isiikute.

Kulikuwa na binti pale ofisini ametoka chuo, mwembamba kama waya wa stima, lakini kichwani alikuwa na stima yenyewe. Yeye ndiye alikuwa anahifadhi. Na alikuwa na tabia moja. Kila ramani aliiweka mara mbili: moja vile bosi alivyoichora, ambayo inafunguka na ile programu ya wachoraji peke yake, na nyingine ya kusoma tu, ambayo kompyuta yoyote inafungua, hata ya mtoto wa shule, lakini huwezi kusogeza hata ukuta mmoja.

Bosi alimcheka. "Hiyo ni nyumba ama ni picha ya pasipoti? Unanijazia diski na takataka."

"Sawa, bosi," akajibu, na akaendelea vile vile. Watu wembamba hawasikii.

Sasa hiyo nakala ya tatu, nani akae nayo? Bosi akaangalia ofisi yote, akaangalia binti, akaangalia dirisha, mwisho akanipata mimi na chupa ya chai.

"Nyumbani kwako ni Manga, sio?"

"Ndio, bosi."

"Manga ni mbali na hapa?"

"Ukiwa na pikipiki ni karibu. Ukiwa na miguu ni mbali. Ukiwa na mkungu wa ndizi kichwani, ni nchi nyingine."

"Basi utaichukua wewe. Uiweke mahali unaweka kitu ambacho kikipotea, watu wa nyumba yako watalala njaa."

Alidhani nitaiweka kwa sanduku lenye kufuli. Lakini niulizeni, mtu wa Manga anaweka wapi kitu kama hicho? Kwa kufuli tunaweka suti ya kwenda kanisani. Kitu ambacho kikipotea mtalala njaa ni mbegu, na mbegu haikai sandukuni. Inatundikwa jikoni, juu ya meko, pale moshi unafika na joto limeshachoka. Panya haendi, anakohoa. Mdudu haendi, anakufa. Na hata njaa ikija na meno yake yote, hakuna mtu anaguza mbegu. Mama yangu alifanya hivyo, na nyanya yangu, na mbegu zao hazijawahi kukataa kuota.

Nikachukua diski, nikaifunga kwa kitambaa, nikaizika ndani ya kikapu cha mbegu ya wimbi, nikatundika. Kila baada ya miezi mitatu naishusha, naipeleka mjini, binti anaongeza ramani mpya, narudisha moshini. Bosi alikuwa anainusa.

"Mbona hii kitu inanuka kama mbuzi wa Krismasi?"

"Ni hewa ya Manga, bosi. Iko na nguvu."

Tukaenda hivyo vizuri, mpaka ikaja habari ya mama wa Kiogoro.

Huyu mama alikuwa mjane na alikuwa na gorofa tatu. Mzee wake ndiye alikuja kwetu kuchorewa ramani, akaanza msingi, akafariki kabla ya kuona ukuta. Mama akamalizia. Ndizi na majani chai vilijenga ile nyumba, kokoto moja, ndizi moja. Nawaambia kuna migomba kule Kiogoro ilikonda. Yeye alikaa chini, wapangaji wakakaa juu. Hakuwa na shamba lingine la maana, wala nyumba nyingine. Ile ndiyo ilikuwa mume, mtoto na pensheni.

Mvua ikanyesha kupita kiasi, nyumba ya mtu mwingine upande mwingine ikapasuka, na maofisa wakaanza kuzunguka wakikagua. Kwa mama wakaangalia nguzo, wakaangaliana, wakapaka alama nyekundu ukutani, ule msalaba uliolala. Siku kumi na nne: aonyeshe ramani yenye msingi na nguzo, iliyotiwa sahihi na mchoraji, ama tingatinga lije.

Alifika ofisini siku ya kumi na tatu asubuhi, amebeba katoni mikononi kama mtu amebeba keki.

"Injinia," akasema, "ramani niko nayo."

Bosi akafungua. Ndani kulikuwa na udongo. Mchwa walikuwa wameingia chini ya kitanda wakala msingi, wakala nguzo, wakapanda gorofa moja moja kama wapangaji. Kilichobaki ni kipande kimoja kama kiganja. Bosi akakigeuza kwa mwangaza.

"Hii ni choo," akasema.

"Choo hawakutaka," mama akajibu. Kisha akaketi, na leso ikapanda machoni. "Siku kumi na mbili nimepindua kila godoro nikitafuta nyingine. Mzee hakuniambia aliweka wapi. Afisa anakuja kesho saa nane. Si wewe ndiye ulichora? Si umwambie tu vile nguzo ziko?"

"Mama, nimechora nyumba nyingi kuliko mvua za Kisii. Mimi nachora, kompyuta ndiyo inakumbuka." Akamshika bega. "Lakini usilie. Hapa kwangu hakuna mchwa. Ziko nakala tatu. Kesho asubuhi nakuletea mwenyewe."

Mama akaenda akiwa na rangi ya mtu tena. Bosi akavuta suruali juu, akazunguka ofisi kama jogoo aliyeona jua kabla ya wengine. "Mmeona? Hii ndiyo maana ya utaratibu!"

Utaratibu ulisema, kabla hujaguza ramani ya zamani, kwanza linganisha nakala ya kwanza na ya pili. Mchana huo binti akatoa diski ya pili kwa kabati la chuma, akaiunganisha na kompyuta kubwa. Na nyinyi mnaijua radi ya Kisii. Radi ya kwingine inapiga mti. Ya kwetu inapiga hodi, inauliza jina, halafu inapiga mti. Kulikuwa hata na jua upande mmoja. Tuliona tu mwanga mweupe, soketi ikatema cheche, na chai yangu ikachemka ndani ya kikombe. Hiyo ya chai nimeongeza. Lakini kompyuta kubwa ilikufa, na diski ya pili ikafa nayo, zikiwa zimeshikana waya kama wapenzi.

Tena ndani ya lile kabati la chuma diski haingeguswa hata na jehanamu. Ilikufa kwa sababu ilitolewa ikahakikishwe kwamba iko salama.

Bosi alibonyeza kitufe cha kompyuta muda wa kuchemsha maharagwe. Halafu akageuza shingo, shingo peke yake, akaniangalia mimi.

"Omogaka. Ya tatu?"

"Iko salama kuliko mimi na wewe," nikasema.

Asubuhi ya siku ya kumi na nne tukapanda Manga na gari lake. Nikamwambia angoje kidogo nje, nikaingia jikoni kwangu, nikainua macho. Mahindi yalikuwa yananing'inia. Kikapu cha wimbi hakikuwa.

Mke wangu alikuwa makambini tangu jana yake, ule mkutano wa kanisa wa wiki nzima. Nikapiga simu. Akashika akinong'ona, nyuma yake watu elfu moja wanaomba.

"Ni nini? Tuko kwa maombi."

"Kikapu cha mbegu kiko wapi?"

"Si ni msimu? Nilimpa mke wa kijana wako. Mbegu yake iliisha. Amina."

"Na kile kitu kilikuwa ndani?"

"Nilimpa na vyote. Mbegu haipunguzwi njiani. Amina." Akakata.

Sasa mnaona ubaya. Nyumba ya kijana wangu iko hatua kumi na tano kutoka kwangu. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, umezibwa na kamba ya kuzuia kuku tu. Kikapu nilikiona kwa macho yangu, kimetundikwa juu ya meko, kinaniangalia. Lakini mimi ni baba mkwe. Mtu wa kwetu haingii jikoni kwa mke wa mtoto wake. Hizo ndizo chinsoni, heshima zetu, na mtu akizivunja atasemwa mpaka wajukuu wake wanyimwe wachumba.

Nikamgeukia bosi. "Ingia wewe."

"Mimi?" Akarudi nyuma kama nimemwonyesha shimo. "Mimi na wewe si tulitahiriwa msimu mmoja? Mke wa mtoto wako si ni mke wa mtoto wangu?"

"Lakini wewe umesoma mpaka ng'ambo."

"Ng'ambo sikuenda kusomea kuingia jikoni kwa watu!"

Tukatafuta mwanamke yeyote, hata mgonjwa. Hakuna. Manga yote ilikuwa makambini. Hata mbwa, nadhani, walikuwa wamekwenda kuimba sauti ya tatu. Tukarudi tukasimama mlangoni, wazee wawili, mmoja na digrii na mwingine na darasa la pili, tunaangalia gorofa za mama wa Kiogoro zikikauka moshini, na saa inatembea.

Mwisho nikaenda kwa migomba nikang'oa mti wa kuegemeza ndizi, ule mrefu wenye panda mwishoni. Tukakubaliana kwamba mti si mtu. Mti ukiingia, miguu ikibaki nje, hakuna sheria imevunjika. Bosi akanishika kiuno nisianguke ndani, nami nikaingiza mti, nikaanza kuvua. Nikaangusha kifuniko cha sufuria. Nikaangusha masizi ya miaka miwili, yote kwa shati ya bosi.

"Kushoto!" ananiambia. "Kushoto nyuzi kumi!"

"Nyuzi gani? Mimi najua kushoto moja tu!"

Hapo tukasikia kitu kimeanguka nyuma yetu. Ni mke wa kijana wangu. Alikuwa ametumwa kutoka makambini kuchukua sufuria kubwa, na amewakuta baba wakwe wawili wamekumbatiana mlangoni kwake na mti mrefu. Akaangalia chini kwa heshima, kisha akarudi hatua moja akauliza, akiniita baba kwa lugha yetu:

"Tata, nyoka ni mkubwa?"

"Hakuna nyoka, mama," bosi akasema, akijipangusa masizi na kujipaka zaidi. "Tunataka kile kitu cheusi kiko ndani ya mbegu. Ni mali ya ofisi."

Alijua kinachotafutwa, na uso wake haukufurahi. "Kile cha kuzuia dumuzi?"

"Cha kuzuia nini?"

"Dumuzi, tata. Tangu mama aniletee na kikapu, hakuna mdudu ameguza mbegu yangu. Majirani wananiuliza nimetoa wapi dawa. Nikikitoa sasa nitapanda nini msimu ujao?"

Bosi akafungua mdomo amweleze habari za kuhifadhi ramani za kidijitali. Nikamkanyaga mguu.

"Tutakuletea zingine," nikasema. "Kuna kimoja kama hiki kule ofisini, na kuna boksi kubwa lake. Vyote vimepigwa na radi."

Macho yake yakafunguka. "Na radi? Si hizo ndizo kali!"

Akaingia, akatoka na diski kwa mikono miwili. Hata shukrani tulisemea kwa gari.

Kule Kiogoro afisa alikuwa ameshafika, mtu mfupi wa buti za gambuti na faili, mpole, anaongea kama mtu yuko hospitalini. Alikuwa amekataa chai. Na mtu akikataa chai kwetu, ujue mambo ni mazito. Mama alikuwa ameketi kwa ngazi ya kwanza, mkono mmoja umeshika ukuta, kama mtu anashika ng'ombe wake siku ya mnada. Wapangaji walikuwa wametoa magodoro nje tayari, na mmoja alikuwa anafungua balbu yake.

"Kazi yangu si kutafuta," afisa akatuambia. "Kazi yangu ni kuonyeshwa."

Binti, tuliyemtuma atangulie, alikuwa anatungoja na laptopu juu ya pipa la maji. Akapokea diski, akainusa, akaniangalia. Akaigonga kidogo na punje za wimbi zikamwagika kutoka pale waya unaingia. Akapuliza. Akachomeka. Diski ikakohoa kama mzee aliyeamshwa, taa yake ikawaka, ikazima, ikawaka. Halafu orodha ikashuka, majina na majina, Kisii yote na Nyamira yote, na moja lilikuwa la mzee wa huyu mama. Mama akaweka kidole pale kwa kioo. Hakukitoa.

Binti akafungua ramani. Programu ikakataa. Ikasema hii ilichorwa na programu ya zamani, kwanza mtafute ile. Na ile ya zamani ilikuwa kwa kompyuta gani? Ile iliyooana na radi.

Bosi alikaa chini kwa tofali. Moshi umetunza kila mstari, panya hakuguza, mdudu hakuguza, na bado kitu kilikuwa kinatutazama kama mtu aliyesahau lugha ya kwao. Afisa akafungua kalamu.

"Ngojeni," binti akasema. "Kuna ile ya pasipoti."

Akafungua ile ya kusoma tu, takataka yake, na nyumba ikatokea kioo kizima: msingi, nguzo, kila chuma na unene wake, na sahihi ya bosi pembeni ikicheka. Bosi alikohoa. Baadaye nilimsikia akimwambia mtu kwamba utaratibu huo wa kuhifadhi mara mbili aliuanzisha yeye.

Afisa akasoma polepole. Akaenda akapima nguzo, akarudi. Akapima nyingine, akarudi. Akavua kofia, akamwuliza bosi, "Hizi nguzo zilichorwa za gorofa ngapi?"

Bosi akainama kwa kioo, na kwa mara ya kwanza akakumbuka. "Tano. Mzee alitaka tano. Alisema anapanga mbali."

"Na hapa kuna tatu." Afisa akaandika, akararua karatasi, akampa mama. "Mama, hii nyumba haina shida. Ina nguvu kuliko mzigo wake. Mtu apake rangi juu ya ile alama." Kisha akageuka. "Na chai, kama bado iko, nitakunywa."

Wapangaji wakapiga kelele, wakaanza kurudisha magodoro. Mtu akaanza wimbo wa kanisa. Binti alikuwa analia huku anacheka. Mimi nilikuwa nimeshika diski kifuani, na nilitarajia mama apige magoti, amshukuru Mungu, halafu anishukuru mimi, halafu kama kuna nafasi amshukuru bosi.

Mama hakusikia mtu. Alikuwa amesimama katikati ya uwanja, ameinua uso juu ya paa, anahesabu hewa na kidole. Kisha akapasuka kwa sauti iliyofika mjini:

"Kumbe niko na gorofa mbili huko juu na hakuna mtu aliniambia? Nani ako na namba ya fundi?"